Nyumba Mpya, Kadi Moja

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu! Acha niandike tena nione linavyokaa kwenye karatasi: mume wangu. Linakaa vizuri. Wiki moja leo tangu harusi, na bado nikiamka nageuka polepole, naogopa nisije nikakuta mto mtupu. Namkuta yeye, mdomo wazi, chaki ya bluu imemganda kwenye kucha. Mkata vitambaa wangu!

Chumba chetu kidogo lakini kina kila kitu. Kitanda. Meza. Kabati lisilofunga mpaka ulipige goti. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, basi nimeliwekea pazia la mabaki ya sare za shule, nusu kijani nusu kijivu. Wifi kaja, kaliangalia, kasema linafanana na bendera ya nchi iliyofilisika. Aseme atakavyo. Kaka yake analipenda.

Nataka niiandike ile siku kabla haijafifia. Tulifanyia sherehe palepale kazini, kwenye karakana ya ushirika wetu wa mafundi nguo. Vyerehani vilisogezwa ukutani, vikafunikwa mashuka kama wazee waliolala. Baada ya kula, Mama Mwenyekiti akasimama kukumbusha sheria yetu: nyumba moja, kura moja. Waanzilishi waliiweka ili ukoo mkubwa usije ukaumeza ushirika kwa wingi wa wana na wakwe. Mimi nilikuwa mwanachama na kadi yangu, yeye na yake. Sasa sisi ni nyumba moja, kwa hiyo kadi moja irudi. Kazi yangu iko palepale, na cherehani changu, na mgawo wangu. Ni ile kura tu.

Akauliza irudi ipi. Hata sikumwacha amalize! Nikaitoa yangu kwenye pochi nikamkabidhi.

"Una hakika, mwanangu?"

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mama, sasa tuna kichwa kimoja."

Vigelegele! Mpiga pasi wetu, mwanamume mzima, alijifuta machozi kwa kitambaa cha kupigia pasi. Nilijiona malkia.

Jumatatu, 4 Machi

Kazini tena. Yeye anakata, mimi nashona kola. Na leo — Mungu wangu — kila kipande cha kola kilichonifikia kilikuwa na kimoyo kidogo cha chaki upande wa ndani! Watoto wa watu watayavaa mapenzi yetu shuleni bila kujua. Mpiga pasi analalamika. Anasema ameajiriwa kunyoosha mikunjo, si kufuta mioyo kutwa nzima, na kama tuna la kuambiana tuambiane nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Leo amekuja mgeni. Tumemwita Bwana Tai kwa sababu ya tai yake, fupi, inaishia juu ya kitambi kana kwamba imeogopa kushuka. Ametoka kampuni ya sare, ile ya jengo kubwa njia panda. Wanataka kununua karakana yetu na mashine zote. Anayetaka kazi atapewa kazi, mshahara kila mwezi. Ushirika ufungwe.

Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka. Bati linavuja kweli. Mashine ya kudarizi nembo imeshakuwa mgonjwa wa kudumu. Na vikao vyetu! Siku moja tulibishana mpaka jioni kuhusu rangi ya mlango, na mlango mpaka leo haujapakwa.

Mama Mwenyekiti alianza, "Usiache mbachao..." na kabla hajafika kwenye msala mume wangu akadakia kwamba mbachao wenyewe umejaa matundu. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Ana ulimi, huyu wangu!

Kura ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Usiku mume wangu hakutulia. Eti watamfanya mkuu wa wakata vitambaa. Eti kuna mkasi wa umeme unaokata vitambaa vingi vilivyorundikwa pamoja kama mkate. Alinionyesha kwa kiganja juu ya shuka, zzzz, mpaka nikatekenyeka. Nilidhani anaota kwa sauti tu, na mtu akiota humwamshi.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nimeosha vyombo na wifi. Alikuwa ananitania kama kawaida yake, mara ananiambia bibi harusi gani ana vidole vya sindano, mara kaka yake amenenepa, nampa nini. Halafu akasema, bila hata kugeuka, heri nyinyi, nyumba yenu imeshakubali, mkihamia kampuni msinisahau na mimi mnitafutie nafasi.

Nikauliza nyumba gani imekubali.

Yenu. Kaka alimpa Bwana Tai neno siku ileile, pale mlangoni.

Nilishika sahani moja nikaisugua mpaka wifi akaninyang'anya, akasema hiyo haina hatia.

Njiani kurudi nilimuuliza. Alishangaa. Si mshangao wa mtu aliyekamatwa, la. Mshangao mweupe kabisa, na huo ndio ulioniuma zaidi.

"Wewe si ulisema tuna kichwa kimoja?"

"Nilisema. Sikusema ni chako."

Hatukushikana mikono mpaka nyumbani. Ni mara ya kwanza. Nimelipiga lile kabati goti na safari hii halikufunga.

Jumanne, 12 Machi

Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana, kuna fundi tunayemwita Pekeyake. Alikataa kujiunga nasi toka mwanzo. Anashonea barazani mwake, anachukua kazi za vibarua kutoka kampuni, na kila tukiwa na kikao anatupungia mkono kama mtu anayeaga jeneza. Leo nimempelekea mkasi anoe, na kabla sijaketi akanivaa. Kwamba amesikia tunauza. Kwamba tuna wazimu.

Nikamwambia, fundi, wewe hata hututaki, inakuuma nini?

Akasema vikao vyetu vinamtia usingizi na hatajiunga mpaka afe, na akifa tusimpitishie mchango. Lakini kila kampuni ikimletea bei ya kumdhalilisha, yeye huvua futi shingoni taratibu, huikunja, na kusema basi, navuka barabara. Na bei hupanda.

"Umewahi kuvuka?"

"Siku zote hizi, sijavuka hata mara moja. Lakini barabara lazima iwe na ng'ambo, mama. Mkiondoka, hao wa kampuni nitawatisha na nini?"

Nimelifikiria hilo mchana kutwa, na kola mbili nimezishona kinyume. Sisi hatushonei mji mzima sare. Wengi wanavaa za kampuni, wengine za Pekeyake, wengine mama zao huwashonea nyumbani, na ni sawa, kila mtu na lake. Lakini tukiwepo, kampuni inajua kuna mlango wa pili. Hata asiyepita mlango huo anafaidi kwamba upo. Mbona sikuliona hili wakati natoa kadi? Nilikuwa naangalia macho ya mtu!

Jumatano, 13 Machi

Nataka niandike kwa haki. Yeye si mbaya. Loo, laiti angekuwa mbaya!

Tumezungumza usiku, taa imezimwa, kwa sababu gizani ni rahisi. Mama yake alishona maisha yake yote na leo hawezi kutunga uzi. Mgongo wake hauendi tena kitandani bali kitanda ndicho kinachopandishwa kwa matofali kiufikie. Alisema, "Sitaki uinamie kola mpaka uzee wa mama ukukute. Likizo, daktari, kiti chenye mgongo. Wanavyo." Akalia. Mume wangu alilia shingoni mwangu na mimi nikamlilia nywele. Kama mapenzi yangekuwa kura tungemaliza palepale.

Na mimi nikamwambia langu. Kabla hatujajuana nilifanya kazi kampuni hiyohiyo, nimetoka shule, cheti bado kina harufu ya wino. Walinitendea vizuri. Kiti kilikuwa na mgongo kweli. Oda zilipopungua walitupunguza kama mtu anavyopunguza chumvi, bila chuki, na mimi nilikuwa chumvi. Msimu uleule ushirika nao ulikosa kazi. Huku kila mtu alirudi nyumbani mapema, hakuna aliyerudi moja kwa moja. Ndivyo nilivyosikia, ndivyo nilivyokuja kubisha hodi. Na aliyenifungulia ule mlango usiopakwa rangi, futi shingoni, chaki sikioni, alikuwa nani?

Akanivuta karibu. Nikadhani nimempata. Halafu akasema taratibu kwamba safari hii mimi sitakuwa chumvi, nitakuwa mke wa mkuu wa wakata vitambaa.

Nikageukia ukutani. Mke wa! Neno tamu hivi, leo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mwenyekiti wakati wa chai. Nimemwomba kadi yangu. Alikuwa anapanga vifungo kwa rangi, hakuinua macho. Akasema haiwezekani, sheria haikuandikwa kwa ajili ya siku nzuri. Ila kadi ya nyumba haina jina la mume wala la mke. Yeyote kati yenu anaweza kupiga kura nayo. Na nyumba isiyokubaliana huiweka kadi mezani, kifudifudi, nayo haihesabiwi.

Nimemuuliza kama kuna nyumba iliyowahi kufanya hivyo.

"Hakuna. Watu huona aibu. Huenda wakagombana nyumbani usiku kucha, lakini hapa huja na neno moja." Hapo ndipo aliponitazama. "Sikutumi kitu, mwanangu. Chumbani kwa watu siingii. Lakini mimi nimehesabu nyumba, na mtu mwingine yeyote anayejua kuhesabu naye amehesabu. Tumegawanyika katikati."

Mume wangu ameiweka kadi kwenye mfuko wa koti la harusi. Najua. Nimeligusa koti. Lingali linanukia siku ile. Ningeweza kuichukua. Nimesimama mbele ya kabati, mkono ndani ya mfuko, na nimeona nikiiba kadi kwa mume wangu nitakuwa nimemfanyia lilelile alilonifanyia mimi. Nimeutoa mkono mtupu.

Leo kola hazikuwa na kitu upande wa ndani.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika hapahapa kikaoni, daftari juu ya goti. Karakana imejaa. Vyerehani vimesogezwa ukutani na kufunikwa mashuka, kama ile siku. Bwana Tai amekaa mbele, tai mpya, ndefu kidogo. Pekeyake amesimama nje ya dirisha. Amekuja mpaka ng'ambo hii lakini anasema hajavuka, ameegemea tu.

Asubuhi tumekunywa chai. Halafu akalivaa koti la harusi. Nikamwambia joto. Akasema anajua. Mlangoni akasimama, akaniuliza kama namchukia. Nikamfunga kifungo cha juu, kwa sababu sikujua jibu lingine lililo kweli. Nampenda mno! Nikamwambia tuiweke mezani, kifudifudi, hesabu ifanye itakavyo. Akasema watu watatucheka, wiki tatu hazijatimu. Nikamwambia basi nipe mimi. Akaufunika mfuko kwa kiganja, akatoka.

Mama Mwenyekiti anaita nyumba kwa zamu, kongwe kwanza. Anayetaka kuuza anainua kadi juu. Anayekataa anaiweka kifuani. Mpiga pasi kaiweka kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayelinda kifaranga. Anayedarizi nembo kainua, akalia wakati anainua. Inakwenda hivyo, juu, kifuani, juu, juu, kifuani. Sisi ndio nyumba mpya kuliko zote. Wa mwisho.

Ananinong'oneza naandika nini. Nimesema barua ya mapenzi. Amecheka kidogo. Amecheka!

Kadi ameitoa. Imelala kwenye goti lake na kiganja chake kiko juu. Nimeweka changu juu ya chake. Ana joto. Vidole vyake vimepanda kati ya vidole vyangu kama kawaida yake, na kwa sekunde moja nimedhani amelegeza. Hajalegeza. Na mimi sijalegeza.

Nyumba iliyo mbele yetu imesimama. Kifuani. Mpiga pasi ameacha kuhesabu kwa vidole, anatutazama sisi. Sawa kwa sawa. Nyuma yetu nimemsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, tazama maharusi wale, hata kwenye kikao hawaachani mikono.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeanza kufa ganzi.

"Nyumba mpya," ameita Mama Mwenyekiti.

Tunasimama wote wawili, kwa sababu haiwezekani mmoja wetu asimame bila mwenzake.