Mifupa ya Baba Yako

Makaburini, Kairo, 3 Februari

Kwa Ramzi, mtoto wa ndugu yangu,

Salaam aleikum. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Nakuombea afya ingawa hustahili. Mkono wangu mzito kwa kalamu, lakini kwa kaburi hakuna wa kunishinda: nimezika mawaziri wawili na jaji mmoja, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Jana vijana wako wa barabara walipita na rangi nyekundu. Wamepiga alama ya kubomoa hadi ukuta wa ua wetu, ule wenye mlango wa mbao wa miaka mia tatu. Humo amelala baba yako! Nikamuuliza mwenye kopo, "We, nani kakutuma?" Akasema, "Injinia Ramzi." Nikamwambia, "Basi nenda kampake yeye."

Sogezeni barabara hatua thelathini, kwenye magereji matupu. Wajane wa mtaa wameapa kukaa langoni, na wanafunzi wa sanaa wananakili maandishi ya mawe yote. Mkikataa, utajuta. Unanijua.

Baba yako mkubwa,
Shahat, mtunza makaburi


9 Februari

Baba Mkubwa,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, sukari ya mama imetulia, naye anakusalimu.

Mchoro umeshapitishwa, na mimi ofisini ni mtu mdogo. Wafu watahamishiwa makaburi mapya jangwani. Mama hataki baba achanganywe na wengine. Lakini katika kile chumba cha chini ya ua wamelala wanaume watano bila majina, na ni wewe tu unayejua yupi ni yupi. Nitakuja na sanda mpya. Nionyeshe tu, nakuomba.

Mwanao,
Ramzi


4 Machi

Ramzi,

Natumai hujambo, na mama yako machozi yamemkauka. Ulikuja, nikakuonyesha, ukabeba. Nasikia mmezika vizuri huko jangwani, na mama yako akagawa mikate na tende kwa maskini.

Sasa tafuta pa kukaa. Uliyembeba ni Zaki muuza mkaa, mume wa shangazi yako, yule aliyemburuza baba yako kortini miaka saba. Mama yako kamlilia Zaki! Hata mkewe hakumlilia hivyo.

Baba yako angali hapa, nyuma ya alama yako nyekundu. Jumatatu mashine ya kubomolea inaingia. Wajane wako langoni, lakini ni wazee, mtawabeba kama magunia. Mimi sitasimama mbele ya mashine. Nitaketi pembeni na chai yangu, nikutazame ukimpondaponda baba yako.

Baba yako mkubwa,
Shahat


15 Aprili

Baba Mkubwa,

Safari hii sikuulizi hali. Nilikuona umeketi na chai yako. Nawe uliniona nikipanda kwenye mashine, nikichomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Mkuu wangu alinitukana mbele ya wajane wote, nao wakampigia vigelegele vya dhihaka mpaka akaondoka. Mashine ilikaa pale siku kumi, picha zikaenea nchi nzima. Wiki hii barabara imesogezwa kwenye magereji. Ua umepona.

Mimi nimefukuzwa kazi. Haidhuru. Lakini mama hali chakula. Kila asubuhi ananiuliza, "Mume wangu yuko wapi?" Nimwambie nini? Umeshashinda. Niambie ukweli: yule wa jangwani ni Zaki kweli, au ulinidanganya ili nizuie mashine?

Nabusu mkono wako.

Mwanao,
Ramzi


21 Aprili

Ramzi,

Mimi mzima sana. Magoti yamepona kwa furaha.

Mama yako alikuja jana na biskuti za sukari, nikamwambia ukweli wote sikioni, kwa sababu yeye hakupaka ukuta. Alicheka, akalia, akala biskuti nne. Nikamwapisha asikuambie. Akaniambia, "Shahat, acha na yeye atafute kidogo." Usijisumbue kumfuata nyuma, atazuru kote kuwili, tumeshapatana.

Kwa hiyo Ijumaa moja utakwenda jangwani, Ijumaa ya pili utakuja hapa, na kote utasoma Fatiha kwa moyo wote, maana hujui unamsomea baba au Zaki. Hivyo mpaka ufe. Na ukifa, ukiletwa hapa, nitakuweka pembeni ya hao waliobaki, nami sitamwambia mtu ni yupi wewe.

Njoo na brashi. Ile alama ingali ukutani, na hakuna atakayekusaidia kuisugua.

Baba yako mkubwa,
Shahat, mwenye ufunguo