Nilimpa Pole Mtu wa Jukwaani

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada. Mvua ya jana imekatika na Umbilo yote, mtaa wetu huu wa ugenini, inanuka majani mabichi. Chai yangu inapoa hapa pembeni. Acha ipoe, nina jambo la kusimulia.

Jana nilikwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Ndani ya ukumbi. Mlango ukafungwa, na mimi nikabaki.

Wewe shajara unanijua, lakini kwa mgeni aliyefungua ukurasa huu leo nieleze kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Kabla hatujafungiwa majumbani kwa ajili ya corona, kulikuwa na kikundi cha maigizo kilichoniletea nguo za waigizaji nizirekebishe, na kila mchezo mpya walinipa tiketi mbili. Nilikuwa nakwenda na Mama Jeanine, rafiki yangu Mrundi anayekaa mtaa wa Queensburgh. Michezo yenyewe ni Kizulu na Kiingereza. Sisi tunashika nusu, nusu nyingine tunajazia wenyewe. Tulikuwa tunacheka mpaka tunaegemeana.

Kisha nikaugua. Nililala hospitali na mashine ya hewa usoni, nikimwomba Mungu pumzi moja tu, halafu nyingine. Alinipa. Lakini hofu haikuondoka na ugonjwa. Watu walishavua barakoa zamani, mimi bado siwezi kukaa na watu wengi mlango ukiwa umefungwa. Hata kanisani kiti changu kiko mlangoni, nusu ndani nusu nje, mvua ikinyesha bega moja linalowa. Kwaya nimeiacha. Wenzangu wanaimba kule mbele, mimi naitikia huku nje kama mpita njia.

Naona aibu kumshukuru Mungu kwa pumzi huku naogopa kuivuta pamoja na watu wake.

Wiki hii kikundi kimerudi. Walileta sketi moja ndefu niipunguze pindo, wakaniachia tiketi kama zamani. Nilitaka kumpa Mama Jeanine aende na binti yake. Alikataa. Akasema nikishindwa tutatoka wote, tutatafuna mahindi huko nje, iko sawa tu.

Basi tukaenda, mchana, na miavuli yetu. Nilichagua kiti cha pembeni kabisa. Lakini watu waliendelea kuingia, tukaombwa kusogea, tukasogea, tukaombwa tena, na mara nikajikuta katikati ya safu, magoti yanagusa kiti cha mbele. Taa zikazimwa. Mlango ukafungwa, nikausikia.

Eish. Kifua kikabana.

Nikaanza kuomba kimoyomoyo, Bwana, pumzi moja, halafu nyingine. Mama Jeanine akanishika mkono bila kunitazama. Mimi nilikuwa naangalia magoti ya watu gizani, nikiwaza nitayaruka vipi mpaka nje.

Ndipo binti mmoja akaingia jukwaani amevaa ile sketi niliyoipunguza pindo.

Alikuwa mfanyakazi wa ndani, amebeba beseni la maji. Akatembea kidogo, akaanguka puu, beseni kule, maji kule. Ukumbi mzima kimya. Mimi nikajua ni lile pindo. Nimeliacha refu, nimemuua mtoto wa watu. Wala sikufikiri.

"Pole, mwanangu!"

Kwa sauti yangu yote. Na Mama Jeanine, kwa mazoea, akafuatia na "pole sana" yake. Sisi ndivyo tulivyolelewa, mtu akianguka mbele yako huwezi kunyamaza, hata kama humjui, hata kama yuko upande wa pili wa barabara.

Vichwa vikageuka. Nikatamani ardhi ipasuke. Yule binti, bado yuko chini, akainua uso akatazama upande wetu.

"Ngiyabonga, mama," akasema taratibu. Asante, mama. Kisha akaendelea na maneno yake.

Watu wakacheka, lakini kicheko cha nyumbani, wengine wakapiga makofi. Bibi mmoja wa safu ya nyuma akanigusa bega. Kiganja cha mtu nisiyemjua, na sikushtuka.

Nilipoukumbuka mlango, mchezo ulikuwa unaelekea mwisho. Nilikuwa nimecheka, nimelia kidogo, nimepumua bila kujisikiliza.

Tulimkuta yule binti kwenye ngazi tukitoka. Nikaanza kumwomba radhi kwa pindo. Akacheka sana. Kumbe kuanguka kumo ndani ya mchezo, anaanguka kila wanapoigiza! Ila akasema hajawahi kupewa pole na mtu, na leo aliinuka na nguvu nyingine.

Mama Jeanine alinicheka barabara nzima. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, akaacha kucheka akanitazama.

"Sauti iko. Kifua iko," akasema. "Sasa kwaya unaikimbia ya nini, Mama Eliya?"

Nilikuwa natabasamu tu kama mjinga, mvua inaninyeshea na mwavuli nimeukunja mkononi.

Chai imepoa kweli. Nimeshapiga pasi sare ya kwaya. Inanibana kiunoni, fundi mzima, aibu, nitailegeza nikipata nafasi. Kile kiti cha mlangoni leo akikalie mwingine. Kifua kikibana, nitaomba pumzi moja, halafu nyingine, na nitaimbia hapo hapo katikati yao.