Loki ya Ishirini na Nne

Jumanne, 10 Februari 1976

Silinda hedi ya lori la kijiji bado iko kwangu, kwenye gereji ya nyumbani. Gereji, yaani meza moja chini ya bati. Nimemaliza kusaga valvu zote kumi na mbili. Nimemwagia petroli kujaribu, haikupita hata tone. Kesho springi. Mgongo unauma.

Chacha, dereva wa lori, amekuja mara mbili kuuliza. Tulitahiriwa pamoja, saro moja, kwa hiyo ananisumbua bila aibu. Kila akipita hapa Bomani hunipigia honi mara mbili. Wiki hii hakuna honi. Barabara imepoa.

Jumatano, 11 Februari

Siku mbaya.

Kila springi hukaa chini ya kofia yake ya chuma, na kofia hushikwa na vipande viwili vidogo vinavyokumbatia shingo ya valvu. Tunaviita loki. Unakandamiza springi kwa klempu, unabandika loki kwa grisi, unaachia polepole. Nimefanya hivyo miaka tisa. Klempu niliitengeneza mwenyewe kwa chuma cha kitanda, na nilijisifu sana.

Valvu ya mwisho, klempu ikateleza. Loki moja ikaruka. Nikasikia ting, basi.

Nimepekua ua mzima kwa magoti. Nimechekecha mchanga kwa chekeche la unga. Bhoke, mke wangu, amenigombeza kwa ajili ya chekeche lake. Kuku walinifuata nyuma wakidhani nawatafutia wadudu. Sikuona kitu.

Kumi na mbili mara mbili ni ishirini na nne. Ninazo ishirini na tatu.

Alhamisi, 12 Februari

Tarime nzima hakuna loki. Musoma labda, na labda mwezi ujao. Mbegu za mahindi za kijiji zinangoja lori kule Mugumu na mawingu yameanza kukusanyika.

Ningeweza kusema imepotea. Ni neno moja tu. Lakini kwenye mkutano uliopita mwenyekiti wa kijiji alinisimamisha mbele ya watu: huyu ndiye kujitegemea, hatupeleki lori Musoma tena. Nikapigiwa makofi. Makofi yale yamenifunga mdomo.

Nimekata bolti ya kitanda, nikaipiga tupa mpaka ikafanana na loki. Imekaa vizuri. Chuma laini, lakini. Najua ni laini.

Injini imewaka mara ya kwanza. Chacha kacheka kama mtoto. Ameondoka na honi zake mbili. Sikumwambia kitu.

Jumatatu, 16 Februari

Lori limekufa kwenye mteremko wa mto Mara, likirudi na mbegu. Mvua ikalikuta hapo. Magunia yameloa. Chacha hajaumia. Nimemshukuru Mungu, halafu nikaona haya kumshukuru.

Jumatano, 18 Februari

Limevutwa kwa trekta mpaka kwangu. Kamati imesema nifungue mimi. Nani mwingine?

Valvu imeanguka ndani, pistoni imepasuka. Ni ile ile ya mwisho. Kipande changu cha bolti kilikuwa kimepondeka kama ndizi iliyoiva. Nimekitia mfukoni kabla mjumbe wa kamati hajainama kuangalia. Mkono ulitangulia, akili ikafuata.

Ijumaa, 20 Februari

Mkutano. Neno hujuma limetajwa mara nyingi. Mwenyekiti akaniuliza kama mwendo mkali mteremkoni unaweza kuvunja valvu. Nikasema mwendo ukizidi, ndiyo, hutokea. Kila neno la kweli. Jibu lote la uongo.

Chacha alisema hakukimbiza lori. Hakuongeza. Angeweza kuwauliza ni nani aliyeifunga injini ile. Lakini mtu wa saro yako humnyooshei kidole mbele za watu, ndivyo tulivyolelewa. Yeye alikumbuka.

Wamemnyang'anya ufunguo. Kuanzia kesho analima shamba la kijiji, na jina lake limeandikwa kwenye daftari la wahujumu. Mimi ni mwoga. Naandika tena nilione vizuri: mwoga.

Jumapili, 29 Februari

Lori limepelekwa Musoma. Bhoke anauliza kwa nini sili.

Nimemkuta Chacha na jembe. Viganja amevifunga vitambaa. Miaka kumi ya usukani, mikono imekuwa laini. Akanisalimu vizuri tu. Heri angenitukana.

Nimemwalika chakula Jumapili ijayo. Nitamwambia tukishakula. Labda.

Jumapili, 7 Machi

Nilichinja tetea mwekundu. Tulikuwa tumekaa, mimi na Chacha, tukizungumza mvua. Bhoke akatoka jikoni, kiganja wazi. "Baba Wambura, hebu ona alichokuwa nacho kuku wako kwenye firigisi."

Loki. Imesuguliwa na kokoto mpaka inang'aa. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia tumboni mwa kuku.

Chacha aliichukua kabla yangu. Hakuhitaji kuelezwa ni nini. Aliuliza tu ilipotea lini. Nikamwambia: kabla hatujawasha injini. Nikamwambia na bolti ya kitanda, na mfuko wangu. Yote.

Aliigeuza loki kiganjani. Kisha akasema, "Nilijua kazi yako iliharibika, mura. Kazi huharibika. Sikujua kama ulikuwa unajua."

Firigisi ni ya mgeni wa heshima. Bhoke alipoileta, mgeni alikuwa ameshaondoka. Loki aliiacha juu ya kigoda.

Jumatatu, 8 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa mwenyekiti. Shikamoo, kisha nikaweka mezani loki na kile kipande cha bolti. Amefoka mpaka majirani wakatoka. Ana haki. Ijumaa nitasema mwenyewe mbele ya watu.

Ijumaa, 12 Machi

Nimesema. Safari hii hakuna makofi. Jina la Chacha limefutwa, langu limeandikwa palepale. Lori likirudi, ufunguo ni wake. Nilidhani nitajisikia nafuu kubwa. Ni ndogo.

Jumamosi, 27 Machi

Manyunyu tangu asubuhi. Nafunga springi za injini ya mashine ya unga. Valvu mbili, loki nne. Nimeziweka kwenye kisahani cha chai. Kuku nimewafungia bandani kwanza.

Saa nne lori limepita, Chacha kwenye usukani. Nilitoka mpaka barabarani nikainua mkono. Alipunguza mwendo kwa ajili ya dimbwi, akalipita, akaongeza. Nikasikilizia honi mpaka likapotea kule kwenye kona. Injini inazunguka vizuri. Valvu zote kumi na mbili zinafunga. Musoma wamefanya kazi safi.

Nimerudi mezani. Loki bado ni nne.