Mitungi Sita ya Bunda

Kitaji, Musoma

Mama yangu mpendwa, na wewe Dada Atupele unayemsomea,

Shikamoo Mama. Ningekuwa hapo ningepiga magoti barazani. Kwa kuwa siko, pokea magoti haya kwenye karatasi. Macho yanaendeleaje? Dada aliniambia umeikataa dawa ya kudondoshea kwa sababu inawasha. Vumilia Mama, uitumie. Na ule mguu? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Bwana. Mkweo alikuwa kwao Bunda kuvuna pamba, amerudi salama, anakuamkia. Mimi ni mgongo tu, kwa kukanda udongo. Nimeona niandike kwa sababu simu hukatika, na haya ninayotaka kukuambia sitaki yakatike.

Unakumbuka kazi ya barabara iliyonileta Mara ilipokwisha, wenzangu wakapanda basi kurudi, mimi nikabaki na mkweo, nikapata kibarua kwa Mama Nyamisi, mfinyanzi wa Nyakato, hapahapa mjini. Ulicheka sana siku ile. Ulisema nimesafiri siku mbili kukimbia vyungu vya mama yangu nikavikuta vimetangulia. Hata vijana wa bodaboda pale kona huniuliza kila asubuhi, "Mzee wa vyungu, leo tunapika nini?" Nimezoea.

Lakini huyu Mama Nyamisi sijawahi kukueleza vizuri. Kwao ni Butiama, alifundishwa na bibi yake kando ya bwawa, baadaye akapata gurudumu la kukanyaga kwa mguu na akajijengea tanuru la matofali nyuma ya karakana. Watu wanatoka Mwanza kumfuata. Huku msichana akiolewa bila mtungi wa Nyamisi, mashangazi wananung'unika. Kila chombo chake kina alama tatu za kucha kwenye kitako, anaziweka udongo ukiwa mbichi. Kikitoka motoni anakigonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio. Kikilia vibaya anakivunja papo hapo. Kuna bwana mmoja alimsihi amuuzie kimoja hivyohivyo kwa bei ya chini. Alikivunja mbele yake, akamwambia kingeenda kusema jina lake vibaya ugenini.

Sasa sikiliza. Parokia moja ya Wakatoliki kule Bunda imejenga kanisa jipya. Padri wao alikuja mwenyewe akaomba mitungi sita mikubwa ya maji, kama ile ya harusi ya Kana, isimamishwe mlangoni siku ya kulitabaruku. Mimi Mlutheri nilifurahi kuliko wao. Mama Nyamisi alifurahi pia lakini hakulala vizuri, maana kazi hiyo ingeonekana na mkoa mzima.

Kipindi hicho akafiwa na shangazi yake, akaenda Butiama kuzika. Aliniachia udongo niuchanganye. Yeye huuchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, tunavisaga, ndivyo vinavyoushika udongo usipasuke ukikauka. Mama, vigae vikaisha katikati. Nikaona mitungi itachelewa. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nakubebea mchanga wa ziwani nikiwa mdogo. Nikachukua ndoo, nikashuka ziwani, nikachota mchanga mzuri mweupe, umejaa vipande vidogo vya maganda ya konokono kama ule wa kwetu. Nikauchanganya wote. Aliporudi akauliza udongo umechanganywa na nini, nikajibu, kama kawaida.

Alifinyanga sita. Mama, ilikuwa mizuri. Udongo ulisimama mkononi mwake mpaka akausifu. Tukaikausha, tukaichoma, ikatoka inalia kama kengele, yote sita. Siku ya nne nikiwa nafagia nikasikia kitu kimedondoka, tik. Ni kipande cha ukubwa wa shilingi, kimebanduka kwenye mtungi wa pili, na katikati ya kidonda pana nukta nyeupe kama chokaa. Kesho yake viwili. Jioni hiyo mitungi yote ilikuwa kama ina tetekuwanga.

Mama Nyamisi hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akaitazama. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na kule Butiama mvua ilikuwa imelijaza maji shimo tunakochimba udongo. Udongo tuliokuwa nao ni huohuo niliouharibu. Alikuwa anajiuliza mwenyewe kwa sauti mkono wake umekosea wapi, na hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa nimeomba siku mbili Mungu ainyamazishe ile mitungi, kumbe aliyetakiwa kusema ni mimi.

"Mama, ni mimi," nikamwambia. "Vigae viliisha, nikaweka mchanga wa ziwani."

"Na nilipokuuliza ulisema kama kawaida."

"Ndiyo."

"Kawaida ya nani, baba Lusajo?"

"Ya mama yangu."

Nilitegemea anifukuze, na ingekuwa haki yake. Akaokota kile kipande, akakigeuzageuza.

"Na vyungu vya mama yako vinabandukaga hivi?"

Nikasema hapana, kipo kimoja nyumbani kimenitangulia kuzaliwa na mpaka leo kinatunza maji.

"Basi kuna kitu umekiacha kwenu. Umeiba nusu ya kazi ya mama yako. Hiyo nusu nyingine ni nini?"

Nikafikiri. Mchanga, moto, kuni zilezile. Nikamwambia hakuna kingine, labda kubatiza. Akaniuliza kubatiza nini. Basi nikamsimulia kwa aibu jinsi ulivyokuwa unavitoa vyungu kwenye majivu vikiwa bado vuguvugu, unavizamisha ziwani kimoja kimoja kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, unavifunga kamba na kuviacha humo mpaka kesho. Na sisi watoto tukikucheka. Na mchungaji alipokuuliza kama vyungu vina dhambi ukamjibu havina, ila vinaweza kuvuja.

Yeye hakucheka. "Niambie tena," akasema, "polepole."

Hakuniamini kwa maneno. Alifinyanga bakuli kumi kwa udongo uleule, akazichoma. Tano tukazizamisha kwenye pipa zikiwa na joto kidogo, mpaka kesho yake. Tano tukaziacha kavu. Zile kavu zikaanza kubanduka baada ya siku chache. Zile za pipani, Mama, hazikutoa hata punje. Alifinyanga mitungi sita upya, haraka lakini bila pupa. Tukaichoma, tukaazima mapipa mtaa mzima, hata wale vijana wa bodaboda walisaidia kuchota maji. Mimi ndiye niliyeizamisha. Nilisema maneno yako yote, sikupunguza. Sikutaka tena kuleta nusu.

Tulisubiri siku zetu mkono shavuni. Mitungi ikakaa kimya. Alipoigonga ikalia.

Siku ya kutabaruku, kina mama wa Bunda waliipokea kwa vigelegele kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Askofu aliweka kiganja chake kwenye mtungi wa kwanza, akauliza aliyeifinyanga. Mama Nyamisi akasimama, na kabla sijajua akanishika mkono akanisimamisha, mimi na shati langu lenye udongo kwenye mkunjo. Akasema mbele ya watu wote, "Udongo ni wa Butiama na mkono ni wangu. Lakini aliyeifanya isimame ni mama mmoja wa Ziwa Nyasa, na hatujaonana." Watu walikushangilia wewe, Mama. Nililia, sikujificha.

Siku hizi pale kona hawaniiti tena mzee wa vyungu. Wananiita Yohana Mbatizaji.

Mama, ulijua? Ulijua kuwa maji ndiyo yanayoyatuliza yale maganda ya konokono yasibandue chungu, au ulikuwa unaomba tu, Mungu akakufanyia? Mama Nyamisi naye anauliza. Mimi nimemjibu kwamba kwako hayo mawili hayajawahi kutengana.

Nisalimie Mjomba anayekulimia shamba, mwambie jembe lake nimelipata. Msalimie mchungaji, mkumbushe lile jibu lako. Shangazi mkubwa na watoto wa Dada wote, na jirani yetu anayekuchotea maji, Mungu ambariki mikono.

Huyu kijana wa basi anakuletea kifurushi pamoja na barua. Ni kibakuli, kimoja kati ya zile tano za pipani. Najua macho hayaoni vizuri tena, kwa hiyo usimwachie Dada. Kigonge kwanza kwa kifundo, usikilize. Halafu kigeuze, upitishe kidole gumba kwenye kitako. Utagusa kucha tatu za Mama Nyamisi. Usiishie hapo. Pembeni yake utagusa mwiba wa samaki, ule uliokuwa unauchora kwenye vyungu vyako vya kupeleka sokoni Matema. Aliniomba nimwoneshe unavyochorwa, akaukwaruza hapo kwa msumari bakuli zilipofaulu. Umo pia kwenye mitungi yote sita, mlangoni mwa kanisa Bunda.

Ni mimi mwanao mbeba mchanga,
Ambakisye