Chumvi Aliyotaka Kuiona Kaburu

Mumbai, 13 Januari 2025

Mwanangu Safiya,

Asalaam aleikum. Nakuandikia kwa simu, Njuki akinionyesha pa kubonyeza. Mimi mzima, tumbo limejaa, na natumaini baridi ya Embu haijakushika kifua. Mchumba wako Sahal hajambo?

Usiwe na wasiwasi juu ya rafiki yangu Kaburu. Madaktari wa hapa, tena wakubwa, wamempima toka utosini mpaka ukucha, wakasema kazi yao imeisha, twende zetu. Niliwauliza maswali mpaka mmoja akataka kujua nilisomea udaktari wapi. Nikamwambia bucha ya Kinoru.

Sasa sikiza. Leo tukinywa chai, Kaburu akasema, "Mnakumbuka mwalimu wa jiografia, darasa la sita, aliyesema India kuna jangwa la chumvi, jeupe mpaka macho yanapoishia? Njuki alimbishia akachapwa." Njuki akasema bado anabisha, hilo jangwa halipo. Hatukumaliza hata chai, tukatafuta gari. Dereva anaitwa Ramesh. Tunaelekea Gujarati, wazee watatu wa dawati moja, kama vijana waliotoroka shule.

Harusi yako Jumamosi tarehe moja Februari sijaisahau. Mimi ndiye walii wako, mkono wangu ndio utashika mkono wa Sahal, na yule ng'ombe aliye Kibugu kwa Mwaniki hachinjwi na mtu mwingine. Nitafika hata mchele haujanunuliwa.

Baba yako mdogo,
Idris, bingwa wa bucha zote za Meru


Embu, 16 Januari

Baba mdogo,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo, dukani hakujambo. Mwaniki anasema ng'ombe amemaliza nyasi zote, sasa anaangalia majani chai kwa jicho baya.

Mama Nurto, mama yake Sahal, ameniuliza tena kama utakuwepo. Nimemwambia utakuwepo. Tangu baba afariki sina mwingine wa kunisimamia, kwa hivyo usiniaibishe mbele ya jamaa zao wa Maua.

Na picha uliyotuma: wewe na Njuki mmesimama, mzee Kaburu ameketi garini na blanketi. Kwani huko kuna baridi? Anakula?

Mwanao,
Safiya


Karibu na msitu wa Giri, 21 Januari

Mwanangu Safiya,

Salaam nyingi kama vumbi la huku. Sisi wazima kabisa. Kaburu jana alimaliza sahani tatu. Blanketi ni fasheni.

Tumepita mji usio na bucha hata moja, dini yao haitaki nyama. Mimi bila kujua nikamwambia mwenye hoteli kazi yangu, nikimwonyesha kwa mikono ninavyopasua mbavu. Mpishi akakusanya visu vyote akaenda kuvificha. Tulikula dengu huku mji mzima umetukodolea macho. Kisha simba. Huku wako. Mmoja alisimama mbele ya gari, akanusa koti langu, akapiga magoti. Njuki atakwambia alikuwa ng'ombe. Njuki macho yake ni mabovu tangu shule.

Lakini hili usicheke. Tuko kijiji cha watu weusi kama sisi, Waislamu, wanaitwa Masidi. Mababu zao walitoka Afrika zamani sana, sasa lugha yao ni Kigujarati. Mama mmoja mzee, Hanifa, alinishika kidevu akaita majirani, eti nafanana na marehemu kaka yake. Wanataka niwe chifu. Kwa hivyo tutakaa kidogo, si adabu kukataa cheo haraka.

Baba yako mdogo,
Idris, chifu mteule


Kijijini, 27 Januari

Safiya,

Hujambo. Sisi tuko tu. Ndege zina matata. Nimempigia Nurudin, rafiki wa baba yako, awe wakili wangu Jumamosi. Sheikh amesema inakubalika. Ng'ombe amchinje yeye, ila achukue kisu changu cha mpini mweusi, kiko juu ya friji.

Baba yako mdogo


Embu, 28 Januari

Baba mdogo,

Hujambo kweli? Nauliza kwa sababu barua ya jana haikuwa na simba.

Nilipanda mpaka Kinoru kwa Mama Gladys, mke wa mzee Kaburu. Nilimkuta anachambua maharagwe. Akaniambia madaktari walisema hakuna dawa iliyobaki, na mumewe mwenyewe alimpigia simu akamwambia, "Niache nione ile chumvi na wajinga wangu wawili, halafu nirudi." Alidhani najua.

Nilikasirika kutoka Kinoru mpaka Chuka. Kutoka Chuka mpaka Embu nililia. Nilipofika nikamweleza Sahal, naye akamweleza mama yake. Mama Nurto akasema, "Harusi ingoje. Watu wa Maua nitawapigia mimi. Kwani tunafukuzwa na nani? Ramadhani ni mwezi wa tatu."

Sitaki Nurudin. Nataka mkono wako. Kaa na rafiki yako. Hiyo chumvi ni mbali na hapo mlipo?

Mwanao,
Safiya


Kijijini, 6 Februari

Mwanangu Safiya,

Salaam kwako, kwa Sahal, na kwa Mama Nurto, ambaye nitamshukuru kwa mdomo wangu.

Umeuliza kama chumvi ni mbali. Ni siku nzima kwa gari, na Kaburu hakuweza tena hata kukaa. Mama Hanifa alimtandikia uani, penye jua, akawa anamnywesha uji kwa kijiko.

Jumanne mchana akaniuliza, "Idris, bado hatujafika?"

Njuki akanitazama.

Nikamwambia, "Tumefika, mzee. Tuko katikati." Nikamweleza. Nyeupe mpaka macho yanauma. Inavunjika chini ya viatu kama ukoko wa wali. Kule mbali ngamia anatembea na kivuli chake ni cha buluu. Nimeilamba, ni chumvi kweli, ingekausha nyama ya Meru nzima.

Akauliza, "Na Njuki anasemaje?"

Njuki, mbishi tangu darasa la sita, akasema, "Ipo. Mwalimu alikuwa sawa."

Kaburu akacheka mpaka akakohoa. Akasema Njuki achapwe tena. Kisha akalala, na hakuamka.

Karatasi zake zimekamilika. Tunarudi naye Jumatatu. Tukishamzika, chagua tarehe yoyote, nitakuwepo. Mwambie Mwaniki aendelee kumlisha ng'ombe.

Mama Gladys akiuliza kama tulifika kwenye chumvi, nitasema tulifika. Njuki amekubali. Na wewe ukiulizwa, tulifika.

Baba yako mdogo,
Idris