Na Baba Yako, Mpaka Matambarale

Ruangwa mjini,
Jumapili asubuhi.

Mama Limi, mke wangu,

Mwangaluka. Mmeamkaje hapo Maswa? Jino la Limi limeshang'oka, au bado analisukuma kwa ulimi mpaka unasikia kichefuchefu? Na mgongo wako je? Sisi wazima, namshukuru Mungu, tena wazima kuliko tulivyostahili. Baba yako amelala hapa gesti, goti juu ya mto, nami nimekaa barazani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema lolote. Kila nikikupigia, mzee anasogea karibu anajifanya anakagua cheni ya baiskeli. Barua nampa dereva wa lori la ng'ombe anayerudi huko kwetu.

Unakumbuka tulivyomsihi apande basi? Akasema kaka yako Nkwabi alishuka kusini kwa miguu nyuma ya ng'ombe, kwa hiyo yeye hawezi kumfikia mwanawe akiwa amekaa kwenye kiti laini na soda mkononi. Basi tumekanyaga pedali, mke wangu! Singida upepo, Dodoma jua, Rufiji mbu, na kote huko baba yako hajalalamika. Anaimba tu. Ile sauti yake unaijua, wanaopita njiani wanadhani kuna mtu anaumwa.

Njiani mzee hakumtaja kaka yako kwangu hata mara moja. Lakini kwenye vilima, tukishuka kukokota baiskeli, nilikuwa namsikia anasema peke yake, "Nilikosea, mwanangu." Akifika mbele kidogo anabadilisha, "Tulikosea." Kisha anakohoa, anaanza upya. Jamani, alikuwa anafanya mazoezi! Lile neno alilomwambia Nkwabi siku ile, kwamba akiondoka na ng'ombe ajue hana baba, limemkaa kooni miaka yote hii. Anaogopa kitu kimoja tu, kwamba tutafika na Nkwabi atakataa kumpokea.

Sasa sikia kituko. Tuliambiwa Nkwabi yuko Lionja, huko Nachingwea. Nawe unajua mkwe hamtangulii mzee, kwa hiyo tangu nyumbani mimi niko nyuma natazama mgongo wake. Tumefika njia panda, kibao kinasema Lionja kushoto, mzee akakata kulia. Nikajiambia, mtu mzima huyu, anajua njia ya mkato. Tukaenda, tukaenda, mikorosho kulia, mikorosho kushoto, mpaka kijiji kimoja tukauliza. Wakasema hapa ni Marambo.

Mzee akashuka, akanitazama. "Mkwe wangu, kile kibao ulikiona?"

"Nilikiona, baba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua unakokwenda."

"Kwa macho haya? Mimi nilikuwa nangoja unikoholee!"

Nikainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka baiskeli ikamponyoka. Ilimwangukia gotini. Ndiyo hilo goti ninalokuambia.

Pale pale akatokea mama mmoja anatoka shambani, Bi Somoe, mtu wa hapo hapo. Alipotusikia lafudhi akachungulia nyuma yetu. "Wasukuma nyie! Ng'ombe wenu wako wapi?" Nikamwambia hatuna ng'ombe, tuna baiskeli tu. "Haa! Basi karibuni ndani." Akamkanda mzee goti kwa maji moto na mafuta ya ufuta, akatupikia ugali wa muhogo na kisamvu. Baba yako akaonja, macho yakamtoka. "Baba Limi, huku wanakula udaga kama kwetu!" Mimi nilikula kando kama kawaida, maana mkwe hali sahani moja na mzee, Bi Somoe akaniuliza kama tumegombana.

Mzee akamtaja Nkwabi. Kumbe anamjua! Ng'ombe wa Nkwabi waliwahi kuingia kwenye ufuta wa huyu mama. Akasema alfajiri, yeye mwenyewe hajaenda shambani, kijana kaja kubisha hodi akamwambia, "Mama, nimekuharibia." Akarudi na jembe na mbegu, akapanda upya palipoliwa, akapalilia na pasipoliwa. "Huyo kalelewa," Bi Somoe akasema. Kisha akatueleza kwamba Nkwabi amehama Lionja, sasa yuko Matambarale, upande wa Ruangwa, akatupa na namba yake mpya. Baba yako akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

Mke wangu, nashukuru kwa kupotea kule. Lionja tungekuta boma tupu, na tusingelisikia neno lile la Bi Somoe.

Jana tumeingia Ruangwa, mzee akaniambia simu nipige mimi. Akasimama amegeuka, ameshika usukani. Nikasema, "Shemeji, niko na baba. Tumekuja kwa baiskeli."

Nikadhani mtandao umekata, lakini nawasikia ng'ombe. Halafu akaniuliza, "Baba bado ana meno ya kutafuna nyama?"

Nikamwambia yamebaki ya upande mmoja.

"Basi nitaichemsha kutwa nzima," akasema, akakata simu.

Nikamweleza mzee neno kwa neno. Akakaa chini pale pale pembeni ya barabara, akavua kofia akajifunika uso. Nilishika baiskeli zote mbili, na mimi nikalia, sioni aibu kukuambia. Nina bahati kuwa mkwe wa mtu huyu.

Mama mkwe mfikishie heshima zangu, ila habari ya goti usimwambie. Mdogo wangu anayetuangalizia ndama mwambie nimeridhika naye. Limi mbusu, na shangazi yangu jirani mshukuru kwa karanga, zilitufikisha Morogoro.

Mzee ameamka tena. Anauliza kama shati lake jeupe la kwendea Matambarale limekauka. Alilifua mwenyewe jana, akakataa nimsaidie, na asubuhi hii ameuliza mara ya tatu.

Wako daima,
Baba Limi