Mgeni wa Baiskeli Nyeusi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeipata! Muuza vyuma chakavu alikuwa ameiegemeza kwenye geti lake, upepo usilifungue. Nilimwomba radhi kwa kumkatiza chai, nikamwuliza kama angeniuzia. Akacheka: mzee, baiskeli hiyo ilikufa wewe hujazaliwa, chukua tu.

Huenda hakukosea. Mnyororo wake una pingili nene, za mtindo wa zamani sana. Rimu ni za mbao. Breki ni kipande cha chuma kinachobonyeza tairi la mbele kwa juu, basi. Na kwenye ekseli ya nyuma – kijichuma cha kukanyagia wakati wa kupanda! Nilikuwa nimekiona vitabuni tu.

Nilipofika nyumbani nilianza kumsimulia marehemu mke wangu, kwa sauti. Nilikuwa nimeshafika kwenye rimu ndipo nikanyamaza.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia simu mstaafu wa reli, mkusanyaji mwenzangu wa baiskeli za kale, ambaye hatujawahi kuonana naye. Alipiga kelele hadi simu ikakwaruza. Atakuja Jumamosi! Anasema rangi ya kwanza ndiyo ushahidi wote: chini ya uchafu ule mweusi huenda kuna mistari ya dhahabu, na kwa mistari hiyo tutajua ilitoka kiwanda gani. Akaniasa: usiipanguse hata kwa kitambaa, mzee mwenzangu. Hata buibui wake niachie!

Nilicheka peke yangu sebuleni. Sauti ilinishtua.

Jumatano, 6 Machi

Nimefua kitambaa cha meza. Nimejiandalia maswali machache, nisije nikakosa la kumwambia mgeni. Siku hizi mazungumzo yangu huishia kwenye “marahaba”.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yangu amepita kuniletea sabuni. Akaiona baiskeli barazani. Baba! Mgeni anakuja, nawe unamwekea takataka hii? Kesho ukienda kliniki nitaisafisha.

Nikamwambia: usijisumbue, mwanangu.

Ilinipasa kueleza zaidi. Lakini alikuwa ameshaanza kufagia, nami niliona haya kumkatiza.

Ijumaa, 8 Machi

Nyekundu. Yote!

Alikuwa ameisugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, kisha akaipaka rangi. Si uone, baba, kama bibi harusi! Kile kijichuma cha nyuma fundi wa kuchomelea amekikata – eti kingenichana suruali.

Nilimkumbusha kwa upole kwamba nilimwomba asijisumbue. Akanigonga bega. Wewe husema hivyo hata ukiletewa maji, kisha unayanywa yote!

Ni kweli. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea. Angejuaje kwamba safari hii nilimaanisha?

Viganja vyake vina malengelenge. Nilimshukuru. Nilimshukuru mara nyingine alipokuwa akiondoka, maana ile ya kwanza haikutoka vizuri.

Kisha nikaishika simu. Nikimweleza mstaafu, hana tena sababu ya kuja. Nisipomweleza, nitakuwa nimemsafirisha bure mtu mstaarabu. Nikaiweka chini. Naomba radhi. Sijui ninamwomba nani.

Jumamosi, 9 Machi

Sikumpigia.

Binti yangu amekuja mapema kupika. Ameiingiza baiskeli sebuleni, katikati kabisa, ili mgeni aione akifungua mlango tu.

Simu imelia sasa hivi. Mstaafu ameshafika stendi! Amekuja na kioo cha kukuzia na tochi mbili, moja yangu. Hakulala, anasema, kama mtoto wa shule. Nimwelekeze tu, atakuja mwenyewe, nisihangaike na jua hili.

Nimemsihi asisogee, ninamfuata.

Binti yangu ananishangaa: baba, si ni hapo tu, hata kwa kutambaa anafika! Ndiyo, kwa njia ya sokoni ni karibu. Ipo nyingine inayozunguka nyuma ya shule, ikapita kiwanda cha matofali, ikarudi kwa chini. Ni ndefu sana, na ina kivuli.

Nimevaa koti. Nitampitisha ile ndefu.